Sauti ya Mshika Taa

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya akina Chiriku iliamka kwa kelele za ndoo. Mama alifua sare za shule, Baba alitoa nje majokofu mabovu ya wateja na kuyapanga ukutani, na Chiriku alifagia ua huku akisoma taarifa ya habari. Hakuwa na gazeti mkononi. Habari alizitunga mwenyewe, kwa sauti nzito ya mtangazaji wa redio.

"Habari zilizotufikia hivi punde zinasema kuku wa jirani ameonekana tena juu ya kamba ya nguo. Mama mwenye nguo amesema hatavumilia. Kuku mwenyewe hakupatikana kutoa maelezo."

Mdogo wake, Kitinda, alicheka mpaka akakaa chini. Kitinda alikuwa na miaka saba na ndiye aliyefunga uzazi, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alikuwa mweusi kuliko wote pale nyumbani, mweusi wa kung'aa, na Baba alipenda kujisifu kwamba huyu ndiye aliyechukua sura ya marehemu mama yake. Alikuwa hodari wa hesabu pia. Watu wazima wakianza kuhesabu kwa vidole, yeye alikuwa ameshafika.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Baba kwa sababu ya mdomo usiotulia. Aliweza kumwiga mwalimu mkuu, mzee mwenye mafua, hata injini ya pikipiki inayokataa kuwaka. Kipaji hicho ndicho kilichompeleka studio.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa mfasiri. Filamu za katuni zilipofika kutoka nchi za nje, yeye ndiye aliyegeuza maneno yake kuwa Kiswahili, kisha waigizaji wakayasema mbele ya kipaza sauti ili yalingane na midomo ya watu waliochorwa. Siku moja Shangazi alisikia wanatafuta msichana mwenye sauti nyororo. Akamchukua Chiriku, akajaribiwa, akapata.

Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kama kabati, kuta zake zimebandikwa sponji nyeusi, na feni ilizimwa kila waliporekodi kwa sababu kipaza sauti kilisikia kila kitu. Hukuruhusiwa kuvaa bangili. Hukuruhusiwa kuja na njaa pia. Wakati mmoja tumbo la kijana aliyeigiza farasi lilinguruma katikati ya kazi, na Fundi, mzee aliyeendesha mashine za sauti, akasema afadhali waliache kama lilivyo, maana farasi hajawahi kusikika vizuri namna ile.

Mwongozaji wao alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kalamu nyekundu sikioni. Mbele yake walimwita Bosi. Nyuma yake walimwita Bwana Tena, kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Useme vizuri, useme vibaya, utasikia kwenye spika: "Tena!"

Filamu ya safari hii ilikuwa ya binti mfalme aliyetoka kutafuta kengele ya mji wake iliyoibwa. Binti mfalme alikuwa na ngozi ya rangi ya maziwa na nywele za manjano zilizofika kiunoni. Mji mzima ulikuwa wa watu wa rangi hiyo hiyo, kuanzia mfalme hadi muuza mboga. Mtu mmoja tu ndiye aliyechorwa mweusi: msichana wa umri sawa na binti mfalme, aliyetembea nyuma yake na taa mkononi na mizigo mgongoni. Kwenye karatasi za Kiswahili msichana huyo aliitwa Masizi.

Chiriku ndiye aliyekuwa sauti ya binti mfalme, na hakuna shuleni kwake ambaye hakuwa amelisikia jambo hilo angalau mara tatu.

Jumamosi moja, Bwana Tena alimwita kupitia spika. "Chiriku, mwenzako wa kuigiza Masizi ana matubwitubwi. Shavu limefura kama puto. Unaweza kuziba pengo lake?"

"Naweza, Bosi."

"Nataka sauti ya mtu aliyezubaa. Vuta maneno kama unakokota gunia. Halafu ucheke. Cheka hata pasipo na cha kuchekesha."

Chiriku aliitazama picha kwenye skrini. Msafara ulikuwa umesimama njia panda, na binti mfalme alikuwa anauliza wapite wapi. Msichana mweusi akafungua mdomo. Chiriku akazubaisha sauti, akasema: "Mimi sijui kituuu, mimi Masizi tu! Hi-hi-hiii!"

Bwana Tena alicheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni. Kijana wa farasi alijishika mbavu. "Safi!" alisema Bwana Tena. "Hiyo hatuirudii!"

Kutorudia! Chiriku alijiona amepanda juu ya paa la mji. Hakuona kwamba Fundi alikuwa ameinamia mashine zake bila hata kutabasamu, wala kwamba Shangazi alikuwa anazipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Siku ya Jumatano televisheni ilianza kuonyesha tangazo la filamu hiyo. Lilikuwa fupi: farasi wanakimbia, kengele inalia, halafu Masizi anasema maneno yake na kucheka. Kufikia Ijumaa, watoto mitaani walikuwa wameyakariri. Shuleni, wenzake Chiriku walimzunguka bombani wakati wa mapumziko. Aliwaambia Masizi naye ni yeye, na kwa kuwa hawakuamini, akawafanyia sauti ile. Akaifanya mara sita. Kengele ya darasani ikawakuta bado wanacheka.

Wiki iliyofuata, jioni moja, Baba alikuwa sebuleni akikaza skrubu za mlango wa jokofu. Mama alikuwa ametoka kazini na bado alikuwa na sare yake ya ukunga.

"Kitinda," Baba aliita, "nimetengeneza majokofu manne Jumatatu, matatu jana, na leo manne. Jumla?"

Hilo lilikuwa swali la kumpa Kitinda raha tu. Lakini Kitinda alilegeza shingo, akazubaisha macho, akasema: "Mimi sijui kituuu, mimi Masizi tu! Hi-hi-hiii!"

Baba alianza kucheka, kisha akaacha. Mama aliweka kikombe mezani.

"Umejifunza wapi hayo?"

"Kwenye televisheni," Kitinda alijibu kwa sauti yake ya kawaida. "Shuleni wananiita Masizi. Nikisema mwenyewe kwanza, wanacheka, halafu wananiacha."

Bisibisi ya Baba ilisimama kwenye skrubu. Mama alimvuta Kitinda, akamkalisha pajani ingawa miguu ilikuwa mirefu mno kwa kukalishwa.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi kazi yangu ni kupokea watoto. Nimepokea mamia. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyezaliwa akisema 'mimi sijui kitu'. Hilo mtu hufundishwa." Kisha akamgeukia Chiriku. "Wewe unafanya kazi huko. Aliyesema upuuzi huo ni nani?"

Chiriku alikuwa na mkate mdomoni. "Wala sijui, Mama."

Kilichomsumbua zaidi ya uongo wake ni kicheko. Kitinda alikuwa amekiiga sawasawa, hata mkoromo wake wa mwisho. Kilikuwa kicheko chake yeye, kimetoka kwenye kinywa cha mdogo wake.

Kesho yake Chiriku alikwenda kumchukua Kitinda darasani. Dirisha lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni hesabu ya kutoa, na Chiriku akaona mkono wa Kitinda ukipanda hadi usawa wa sikio, kisha ukashuka. Mwalimu alikuwa ameuona. "Haya, sema." Kitinda aliwatazama wenzake, akalegeza shingo, akayasema yale maneno. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu aligonga meza, lakini hakuna aliyemsikia. Kitinda alikaa chini akiwa anatabasamu kwa mdomo tu.

Na jibu alikuwa nalo. Chiriku aliliona kwenye daftari lake, limeandikwa na kupigiwa mstari chini.

Walipofika kwenye uzio wa kiwanda cha matofali, Chiriku alisimama.

"Kitinda, yule Masizi ni mimi."

"Wewe ni binti mfalme."

"Wote wawili ni mimi. Yule mwenzangu aliumwa, nikapewa na yeye."

Kitinda alifikiri. Hakulia, na Chiriku alitamani angelia. "Kumbe," alisema. "Sasa mbona huyu ulimpa akili, na yule hukumpa?"

Chiriku aliuchukua mkoba wa Kitinda, akaubeba hadi nyumbani.

Jioni ile alimwambia Mama kila kitu: sauti, uongo, hata mara sita za bombani. Alitarajia makofi. Mama aliendelea kukunja nguo.

"Jana nilikuuliza, ukasema hujui."

"Nilidanganya, Mama."

"Haya, uongo umeutoa. Bado sauti. Hiyo huwezi kuitoa ukiwa umekaa hapa na kapu la nguo."

Jumamosi, Mama alikuwa zamuni na Baba alikuwa kwa mteja, kwa hiyo Kitinda alifuatana na Chiriku na Shangazi studio. Walipokuwa wanapanda ngazi, Chiriku alimtangulia Shangazi, akageuka na kumzibia njia.

"Shangazi, leo sitasema maneno ya kumtukana yule msichana. Na nataka niyafute niliyosema."

Shangazi alishika ukuta. "Mwanangu, mambo ya studio hayaendi hivyo. Unataka kibarua changu kiote nyasi?"

"Shuleni wanamwita Kitinda Masizi."

Shangazi alimtazama Kitinda, aliyekuwa anahesabu ngazi chini yao. Kisha akampita Chiriku, akapanda.

Siku hiyo walikuwa wamefika karibu na mwisho wa filamu. Kitinda aliketi kwenye kiti nje ya kioo. Feni ilizimwa. Kwenye skrini, binti mfalme alimgeukia msichana mweusi. Maneno ya Chiriku yalikuwa kwenye karatasi: "Nyamaza, Masizi! Waache wenye akili wafikiri!"

Taa nyekundu iliwaka. Chiriku alifunga mdomo.

"Tena!" ilisema spika.

Taa ikawaka. Chiriku akanyamaza.

"Tena! Una nini leo? Umemeza ulimi?"

"Ninao, Bosi. Sitasema maneno haya."

Kisha Bwana Tena akaingia mwenyewe kwenye kile chumba kidogo, kalamu sikioni. "Hebu rudia."

Chiriku alipiga moyo konde. "Sitamwambia anyamaze. Na ile sauti ya kijinga niliyompa, naomba tuitoe. Nitairudia yote."

"Binti, huu ni mzaha. Watoto wanafurahi. Tangazo linapendwa mtaa mzima."

"Anafurahi nani? Mdogo wangu yuko pale nje. Anajua kutoa na kujumlisha kuliko mimi. Wiki nzima amekuwa akijifanya mjinga ili aachwe kwa amani."

"Hatukumchora sisi! Wenye filamu ndio waliomfanya mweusi, wakamtwika mizigo, wakamweka nyuma. Mimi nifanye nini?"

"Mizigo ni yao. Ujinga ni wetu?"

Bwana Tena alikasirika. "Kuna watoto kumi wanasubiri nafasi yako."

Chiriku alivua vifaa vya masikioni, akavining'iniza kwenye msumari wake. "Waite, Bosi. Lakini waambie kwanza wanaenda kumtukana nani."

Hapo ndipo Fundi alipokohoa. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Ukiacha ule mzaha wa farasi, miaka yote waliyofanya kazi pamoja walimsikia akisema "tayari" na "bado" tu.

"Kabla hamjaendelea," alisema kwenye spika, "nisikilizeni kidogo."

Alibonyeza kitufe. Ikaja picha ya njia panda, ile ile ya tangazo, lakini sasa na sauti ya asili, ya lugha ya kigeni. Binti mfalme akauliza. Msichana mweusi akajibu. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya chini, ya mtu anayejua anachosema. Haikukokota gunia lolote. Hakucheka.

"Amesema nini?" Chiriku aliuliza.

Watu wote walimtazama Shangazi. Alikuwa ameshika karatasi zake kifuani. Akatafsiri polepole: "Amesema, 'Njia ya juu siijui. Naijua ya chini, inayofuata maji. Shikeni nguo yangu mnifuate.'"

"Kumbe alikuwa anajua njia!" Kitinda alipaza sauti kutoka nje ya kioo.

"Anajua njia filamu nzima," alisema Shangazi. "Na haitwi Masizi. Anaitwa Mshika Taa. Ni kazi ya heshima katika mji ule, kumwongoza mtu gizani." Alikwenda kwenye meza yake, akafungua droo, akatoa karatasi zilizojaa mistari myekundu. "Nilitafsiri hivyo hivyo mwanzoni. Nikaambiwa haichekeshi, nikabadilisha. Kalamu ilikuwa ya Bosi, lakini mkono uliobadilisha ni wangu. Na nilinyamaza."

Bwana Tena alijipangusa uso. "Mimi nilitaka watoto wacheke," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Nimekua nikitazama katuni kama hizi. Mtu mweusi siku zote ndiye wa kuchekesha. Ndivyo zilivyokuwa."

"Wewe pia ni mweusi, Bosi," Chiriku alisema taratibu.

Bwana Tena aliutazama mkono wake kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. "Na nilicheka sana," alisema.

Mkurugenzi wa studio, mama mnene mwenye miwani, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amekuwapo hapo tangu lini. Alimwambia Fundi airudie ile picha. Akaisikiliza mara mbili: mara moja kwa sauti ya asili, mara moja kwa Kiswahili chao.

"Kwa hiyo tumemdanganya mtazamaji," alisema. "Mwandishi ameandika hivi, sisi tumesema vile. Ana sentensi ngapi huyu msichana?"

"Hamsini na nane," Fundi alijibu.

"Na siku?"

"Kumi na mbili, Mama, kabla ya kupeleka televisheni."

"Haziwezi kutosha," alisema Bwana Tena. "Na tangazo liko hewani. Tena watoto hawatacheka."

"Nitakuja kila siku nikitoka shule," Chiriku alisema. "Hata Jumapili."

"Mimi karatasi ninazo tayari," alisema Shangazi.

Fundi alitafuta kipande kingine, ambapo askari mkuu wa msafara anakataa kumfuata Mshika Taa, anapita kulia, na kuzama kwenye matope hadi mabegani. Mshika Taa anainamisha taa, anamtazama, anatamka maneno mawili.

"Anasema, 'Nilisema kushoto,'" alitafsiri Shangazi.

Kitinda ndiye aliyeanza kucheka, akafuata kijana wa farasi. Mkurugenzi alivua miwani akafuta machozi, na mwishowe hata Bwana Tena akashindwa kujizuia.

"Vichekesho vipo," alisema Mkurugenzi. "Mlivikata wenyewe mkaweka matusi." Alimwinamia Kitinda. "Na wewe, mama mdogo, wewe ndiye uliyeitwa jina lile?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Nikuombe radhi, maana studio ni yangu. Unataka tufanye nini?"

Kitinda hakuhitaji kufikiri. "Nataka aseme alichosema."

Mkurugenzi alinyooka. "Mmesikia. Tangazo nitaliondoa leo, na nitawaambia televisheni sababu yake bila kuficha. Jina la Masizi nisilione tena kwenye karatasi yoyote. Washeni mashine."

Siku kumi na mbili zile Chiriku alizikumbuka kwa muda mrefu. Alitoka shule, akala njiani, akapanda ngazi mbio. Alidhani sauti ya mtu mwenye akili ingekuwa rahisi, kwa kuwa angetumia yake mwenyewe, na haikuwa rahisi. Sauti ya mjinga aliipata mara moja, kwa sababu ilikuwa ya kukejeli tu, lakini Mshika Taa alikuwa mtu kamili: alichoka, alikasirika na kuogopa, akaendelea kutembea. Sentensi moja, ile ya kumwambia binti mfalme "mizigo hii leo ubebe mwenyewe, nina kazi ya kuona njia", waliirudia mara kumi na tisa.

"Tena!" ilisema spika. "Usimwombe. Mwambie!"

Chiriku alitambua kwamba Bwana Tena hakuwa anamkomoa. Alikuwa anaitafuta sauti ile kwa bidii kuliko mtu mwingine yeyote pale. Siku ya mwisho alichukua kalamu yake nyekundu, akaandika juu ya karatasi ya kwanza, kwa herufi kubwa: MSHIKA TAA. Kisha akamwambia Shangazi, "Nimekukosea wewe na wale watoto. Siku nyingine nikikata maneno yako, bishana nami."

"Nitabishana," alijibu Shangazi. "Nimeshaanza mazoezi."

Shuleni mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mwalimu wa Kitinda aliliambia darasa kwamba jina lile limekoma, na wengi walikoma, lakini mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliendelea. Asubuhi moja alimpigia kelele Kitinda mlangoni: "Masizi! Masizi!"

Kitinda alisimama mbele yake. Hakulegeza shingo. "Anaitwa Mshika Taa," alisema. "Na wewe ungekuwa kwenye ule msafara, ungepita kulia."

Wakati huo tangazo jipya lilikuwa limeshatoka, na kila mtu alijua aliyepita kulia aliishia wapi. Safari hii darasa lilimcheka mvulana. Lakini saa ya hesabu Kitinda alimwona amekwama, akamsogezea daftari amwonyeshe njia ya kukopa kumi. Mwalimu alipouliza jibu, mikono miwili ilipanda juu, ya wote wawili, na wa Kitinda ulinyooka hadi mwisho wa kidole.

Siku filamu ilipoonyeshwa, sebule yao ilijaa watoto wa majirani. Baba alihamisha majokofu ili wapate pa kukaa. Walipofika kwenye njia panda, Mshika Taa alisema, "Shikeni nguo yangu mnifuate," na Kitinda akamfinya dada yake mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Watoto walicheka kwenye matope, wakatoa macho kwenye pango, wakapiga makofi kengele ilipolia.

Filamu ilipokwisha, Kitinda alibaki ameitazama skrini.

"Shangazi, nimehesabu. Kwenye ule mji kuna watu mia na nne. Anayefanana na mimi ni mmoja. Wengine wako wapi?"

Baba alitaka kucheka, lakini Shangazi hakucheka. Alizima televisheni, akakaa mkekani kati yao.

"Hawajachorwa," alisema. "Waliochora walijichora wenyewe, wakasahau kwamba dunia ina watu wengine. Wakikumbuka, humchora mmoja, na mara nyingi humpa kubeba, kuiba au kuchekesha. Watu husema ni katuni tu. Msikubali. Mtoto akitazama katuni, huwa anajitafuta mle ndani. Akijikuta mjinga leo, kesho na keshokutwa, ataanza kuteremsha mkono wake darasani hata kama jibu analo. Na mwenzake, ambaye hakuchorwa mjinga, ataamini kwamba yeye ni bora. Wote wawili wamedanganywa."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Inua uso," Shangazi alimwambia. "Wewe na mimi tulikosea, na tulisema tumekosea, tena mbele ya watu. Halafu tukakaa chini tukafanya kazi ya kurekebisha. Nataka wote mlishike hilo. Mkiona picha au mkisikia neno linalomfanya mtu duni kwa sababu ya rangi yake, msicheke ili mpite. Kataeni, hata anayewaambia awe mkubwa wenu, hata awe mimi. Kataeni kwa adabu, lakini kataeni. Na mkiona hamumo kwenye hadithi, msikae mnasubiri kukaribishwa. Chukueni kalamu."

"Ila kuchora watu mia na tatu wafanane na sisi ni kazi nyingi, Shangazi," alisema mtoto wa jirani. "Mkono utachoka."

Kitinda alikuwa ameshafungua daftari lake la hesabu kwenye ukurasa mtupu wa nyuma, na sasa alikuwa anachonga penseli.

"Tutapokezana," alisema.